Siku Mburansi Utakapochanua Uani Kwako

Rajpur, 16 Machi 1983

Didi, dada yangu mkubwa,

Nakugusa miguu kwanza, ingawa miguu yenyewe iko mbali, safari ya mabasi mawili na mlima mmoja.

Huku hatujambo. Kamla anakusalimu, anasema ule ulezi uliotutumia ameusaga, na mkate wake ulikuwa mtamu hata mimi nikanyimwa wa pili. Vijana wetu huko Pune wazima, wanatuandikia barua za mistari mitatu kama telegramu. Nyumba imekauka rangi, bomba linatoa maji, na tangu nistaafu jeshini nalala mpaka jua linachomoza. Mama angejua angenimwagia maji ya baridi.

Kilichonikalisha na kalamu ni hiki. Juzi ilikuwa siku ya maua vizingitini. Watoto wa mtaa walikuja asubuhi na vikapu vyao, wakaimba, wakamwaga maua mlangoni petu, Kamla akawapa mchele na sukari guru. Mimi nikainama kutazama. Didi, hapakuwa na ua la buransi, mti wetu wa milimani, hata moja! Haradali ipo, maua ya bustanini ya kila rangi yapo, lakini lile jekundu letu hakuna. Miaka yote ya kambini nilijipa moyo kwamba nikistaafu nitaliona tena kizingitini kwangu. Nilijisikia mpweke, na sioni haya kukuambia.

Ndipo nikakumbuka. Siku tuliyofungua nyumba hii, nilipokuomba mbele ya ukoo mzima uje tukae pamoja, ulinijibu nini? Ulisema: "Siku mburansi utakapochanua uani kwako, Trepan, nitafunga mizigo nije." Watu wakacheka, na wewe ukacheka, ukadhani umeniweza. Mimi ni askari, Didi. Sharti nikipewa nalipokea kama amri. Nimeshatenga mahali nyuma ya jiko, upande wa kivuli. Nitumie mche.

Tangu shemeji afariki uko peke yako kwenye nyumba ya mama, na theluji yako, na chui wako anayezunguka zizi. Chumba chako hapa kinaelekea milima. Hatumlazi mgeni yeyote humo.

Mdogo wako mtiifu (usicheke),
Trepan Singh

*

Saunkhet, 12 Aprili 1983

Bhula wangu, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda,

Uishi sana, wewe na wifi yangu, na watoto wenu waishi, na wajifunze kuandika mstari wa nne.

Mimi mzima wa afya. Nyati wangu wa maziwa, Bhaunri, amezaa ndama jike, mweusi tii, na mkorofi kama mama yake. Jirani yangu Bachuli naye yupo, mdomo wake nao upo, kila jioni anakuja kunihesabia nani kaolewa wapi. Miburansi juu ya chemchemi imewaka yote, ngano inakwenda vizuri. Nimepika sharubati ya maua, nimeijaza chupa. Ni ya Kamla. Wewe omba.

Sasa hilo lako. Trepan, nilisema vile kwa sababu najua haiwezekani! Huko Rajpur si ndiko wanakochoma mawe kwenye tanuri kupata chokaa? Birika la Kamla mimi nimeliona kwa macho yangu, limeota gamba jeupe ndani. Mburansi unataka udongo mweusi, mchachu, wa majani ya mwaloni yaliyooza, udongo ukiushika unanusa uyoga. Ukiupanda kwenye mawe yako utakufa, na utakufa ukikutazama.

Lakini nakujua, hutanyamaza. Nimekwenda kwenye ule mti wa mama, mkubwa wa juu ya chemchemi. Theluji ya mwaka juzi ililaza tawi moja chini, tawi likaota mizizi lenyewe. Nimelikata, nimelifunga na udongo wake kwenye gunia bichi, kondakta wa basi atakukabidhi. Sijakubali kitu. Nataka tu ukishindwa ushindwe kwa haki, usije ukasema Didi alinitumia mche mbovu.

Usilifukie sana. Usilitie samadi. Na usilipigie kelele.

Mimi siwezi kuhama, Bhula. Kwenye jiko hili mama alipika, na moshi wa nyumba hii ukizimika hakuna atakayeuwasha tena. Haya, yaishe hayo.

Dada yako,
Sureshi

*

Rajpur, 5 Juni 1983

Didi,

Nakugusa miguu. Sharubati imefika, na nimeonja kwa hila. Joto limetushika kweli kweli, Kamla analala barazani, mimi nalala na kitambaa kibichi kichwani. Vijana wameandika mistari minne! Sijui ni nani aliyewatisha.

Mche ulifika mzima. Niliupanda siku hiyohiyo, nikachimba shimo safi la pembe nne, nikausimamisha wima, nikarudi nyuma hatua kadhaa kuutazama, na nusura niupigie saluti. Wiki tatu za kwanza ulikuwa kijana shupavu.

Sasa anaumwa. Majani mapya yanatoka ya manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, unaweza kuihesabu kama barabara kwenye ramani. Nilikwenda kwa mwuza miche mjini nikiwa na jani mkononi. Akauliza, kwa cheo changu cha jeshini kama wanavyoniita wote hapa, "Umewahi kumwagia udongo wako siki, Subedar Saab?" Nikamwambia mimi siki naila na matango. Akasema kajaribu. Nikarudi, nikanyakua chupa ya Kamla, nikamwaga. Didi, udongo ulichemka! Ulitoa povu na ukanguruma kama soda. Nimejenga nyumba juu ya chokaa tupu.

Lakini sijarudi nyuma. Nimeuzungushia mti ukuta mdogo wa saruji, mzuri, imara, hata kifaru hakiwezi kuubomoa, nikajaza ndani udongo wa mtoni. Pia kila Jumapili naupa maji ya ndimu. Kamla analalamika kwamba ndimu zinatoweka jikoni na achari yake haijakamilika. Nimemwambia hizi ni gharama za vita.

Wewe vipi? Mvua zimeanza? Usipande kwenye mialoni kukata majani ya nyati, mwambie Bachuli alete mtu. Jibu haraka, mgonjwa hana muda.

Trepan

*

Saunkhet, 28 Agosti 1983

Bhula wangu,

Baraka zangu kwako na kwa Kamla. Usiulize kwa nini nimechelewa. Mvua ilikata barabara, na mwenye kuleta barua alikwama ng'ambo ya mto. Mwandiko huu pia usiushangae, kalamu ni mbovu na meza inacheza.

Ndama anakua. Dubu amekula mahindi ya Bachuli yote upande wa juu, akaacha yangu. Bachuli hasemi nami vizuri tangu hapo, utadhani dubu nilimtuma mimi.

Nimesoma barua yako nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Trepan, ule ni mti wa mama! Unakumbuka alivyokuwa akikaa chini yake na mzigo wa kuni, anasema ngoja nipumue kidogo? Nilikutumia tawi lake nikidhani utashindwa mapema, nami nitapata amani. Lakini sikukutumia ulitese. Majani ya manjano yenye mishipa ya kijani maana yake lina njaa, na chakula kiko mezani lakini mikono imefungwa. Chokaa ndiyo iliyoifunga. Halafu wewe mwerevu ukajenga saruji! Saruji imetengenezwa kwa nini, kwa maziwa?

Sikiliza. Ling'oe lote na mizizi yake, taratibu. Osha mizizi kwa maji ya mvua, si ya bomba. Tafuta pipa la mbao, likate nusu, toboa chini, liweke juu ya magogo lisiguse ardhi yako hiyo. Nimekutumia magunia ya udongo wa msituni, na gunia moja la majani ya msonobari ya kufunika juu. Kinga maji ya mvua ya paani, uyahifadhi, ulinyweshe hayo tu miezi ya kiangazi.

Ndimu mrudishie mke wako.

Wala usidhani nimebadili mawazo. Nafanya hivi kwa ajili ya mti.

Sureshi

*

Rajpur, 20 Novemba 1983

Didi, nakugusa miguu yote miwili,

Sikukuu ya taa imepita salama. Kamla alipika vyote unavyovijua, hata dengu za kwetu za gahat, tukakuwekea sahani. Nilibaki nikiitazama.

Amri zako nimezitekeleza neno kwa neno. Pipa lipo, magogo yapo, udongo wako umejaa. Nilipofungua gunia la kwanza, harufu yake ilinijia, nikarudi mtoto, nikasimama pale uani kama mjinga na Kamla akaniuliza kama nimeona nyoka. Maji ya mvua nimeyakinga kwenye madumu. Mti ulipumzika, ukatoa majani mawili ya kijani kibichi kabisa mwezi wa Oktoba. Nikapiga makofi.

Na sasa baada ya sikukuu yamegeuka manjano tena! Didi, sielewi. Nimefanya kila kitu. Nimepitia kila hatua kama ninavyopitia bunduki kipande kwa kipande, sioni kosa. Labda huo mti haunipendi. Labda wewe ulikuwa na haki kunicheka.

Jambo la pili, na hili nataka jibu la kweli. Kondakta aliyeleta magunia amesema aliyempa ni Bachuli, na kwamba wewe ulisimama pembeni na mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa. Kalamu mbovu, eti! Mkono una nini?

Trepan

Wifi yangu, mimi ni Kamla, naongeza hapa chini kabla hajafunga bahasha. Yeye anasema amefanya kila kitu na ni kweli, mchana kutwa yuko na huo mti. Hata kwa sikukuu aliupamba kuliko nyumba. Mawe yote ya kuuzunguka ameyapaka chokaa nyeupe pe, na pipa pia, na shina la mti mpaka kiunoni, kama walivyokuwa wakifanya kambini mkaguzi akija. Unapendeza kweli. Tunakusubiri.

*

Saunkhet, 9 Desemba 1983

Trepan Singh!

Salamu utazipata mwishoni, ukistahili.

Chokaa! Wewe mtu una akili timamu kweli? Mimi huku nazoa udongo msituni, nautuma kwa mabasi, naota usiku hilo jani la manjano, nawaza labda maji, labda jua, labda jicho la mtu. Kumbe bwana mkubwa amelipaka dawa ya kuliua, tena kwa brashi, tena kwa furaha! Na barua nzima hukutaja. "Nimefanya kila kitu." Naam, umefanya kila kitu na zaidi.

Najua hukuficha. Ndilo linalonichekesha mpaka mbavu zinauma. Hukutaja kwa sababu kwako kupaka chokaa si kazi, ni kupumua. Ulipokuja likizo ya kwanza ulipaka mawe ya njia ya chooni, mama akauliza kama Jenerali anakuja kujisaidia. Ulipaka mti wa walinati. Ulipaka jiwe la kufulia. Baba alisema tukiketi sana karibu nawe utatupaka na sisi.

Kila umande ukianguka, ile chokaa inashuka kwenye udongo wangu mzuri. Ondoa mawe yote, yatupe mbali. Sugua shina kwa kitambaa kibichi, usilichubue. Pipa badilisha. Udongo wa juu utoe kina cha kiganja kizima, nimetuma mwingine. Na brashi mpe Kamla aifungie.

Wifi yangu, wewe ndiye mwenye macho katika nyumba hiyo. Asante.

Mkono ni mkono. Niliteleza kwenye ngazi ya zizi wakati wa mvua, mfupa ulipasuka kidogo, sasa umeunga. Nilimkamua Bhaunri kwa mkono mmoja na akanivumilia, mnyama ana utu. Sikukuambia kwa sababu ungefika hapa na machela.

Haya, salamu. Uishi miaka mingi, ingawa sijui kwa akili gani.

Sureshi

*

Rajpur, 30 Aprili 1984

Didi,

Nakugusa miguu, na leo nainama zaidi ya kawaida.

Nilisoma barua yako kwa sauti kwa Kamla, tulipofika kwa Jenerali wa chooni akatoka nje ya chumba kwa kicheko. Mawe nimeyatupa. Uani pamekuwa peusi na pabaya, naona kama nimetoka bila suruali. Lakini amri ni amri.

Na mti umeitikia. Umetoa majani mapya, mapana, kijani cha juu na fedha ya chini, kama yale ya mama. Nimeyahesabu, nikayahesabu tena kesho yake kana kwamba kuna atakayeiba. Kila asubuhi nanywa chai yangu pale kwenye kigoda. Nauambia habari. Ulisema nisiupigie kelele, hukusema nisizungumze nao.

Didi, ule mkono wako umenitia hofu kuliko unavyodhani. Nilishika begi nije. Kamla akanizuia, akasema, "Ukienda utagombana naye na utarudi peke yako." Kwa hiyo nimebaki na mti. Sijui kulima, sijui kusihi. Najua kufuata amri, na uliyonipa mbele ya ukoo ni hii moja tu, mburansi uchanue. Naifuata kwa sababu nataka uje. Hilo tu.

Kuna chakula tele, kuna daktari karibu, na Kamla anataka mtu wa kusema naye anayejua kunifanyia dhihaka ipasavyo.

Trepan

*

Saunkhet, 14 Oktoba 1984

Bhula wangu,

Baraka kwenu. Umeniandikia mara tatu na mimi nimekaa kimya. Ni mavuno ya ulezi, halafu nyasi za kukausha, unajua. Bachuli ameamua kunisamehe habari ya dubu. Mwanawe wa mwisho naye amehamia mjini, kwa hiyo jioni tunakaa jiko moja, siku kwangu siku kwake, tunaokoa kuni.

Mti unaendeleaje? Niambie kweli. Umeupa kivuli cha mchana? Madumu yana maji ya kutosha mpaka mvua za baridi?

Sasa tazama nchani mwa matawi. Kichipukizi chembamba chenye ncha ni cha majani tu, kiache. Lakini ukiona kinene, cha mviringo, kimejaa kama kidole gumba cha Kamla, hicho ni cha ua. Kinakaa hivyo majira yote ya baridi, kimefumba.

Ukikiona, usiniambie.

Sureshi

*

Rajpur, 22 Februari 1985

Didi,

Nakugusa miguu. Wote wazima. Baridi inaondoka.

Ulisema nisikuambie na nimetii. Tangu Oktoba kipo, kimoja, nchani mwa tawi la upande wa jiko. Kinene. Nimeandika barua zote za majira ya baridi nikizungumzia hali ya hewa, na kalamu ilikuwa inaniwasha. Mvua ya mawe ilipopiga mwezi uliopita, nilisimama juu yake na mwavuli. Kamla ni shahidi, na jirani zetu pia, sasa wananisalimia kwa huruma.

Leo asubuhi magamba yake yamefunguka kidogo, na ndani pamekuwa pekundu.

Siwezi kutii tena. Ahadi ni ahadi, uliitoa mbele ya ukoo mzima. Niandikie siku gani nije kukupokea kituoni.

Trepan

*

Saunkhet, 10 Aprili 1985

Bhula wangu, na wifi yangu Kamla,

Muishi, mshibe, msikose wa kuwacheka.

Nimefika nyumbani salama. Basi la pili liliharibika, abiria tukashuka tukala machungwa barabarani, ikawa kama harusi. Bachuli amemtunza Bhaunri vizuri na kamwe hataacha kunikumbusha. Maziwa kidogo, lakini ndama ananona. Miburansi ya juu ya chemchemi imewaka yote. Ndiyo maana niliondoka, niliwaambia tangu siku ya kwanza: ua lenu la bondeni linachanua mapema, likianguka la juu linafunguka, nami nina sharubati ya kupika na mbegu za kutia ardhini. Nilisema nitakuja mburansi utakapochanua. Sikusema nitafanya nini ukipukutika. Uliponitazama vile kwenye kituo cha basi, Trepan, nusura nishuke. Lakini nilikuwa nimeshapata kiti cha dirishani.

Sasa nina maneno ambayo nikiwa kwenu yalikataa kutoka, kwa hiyo yapokee kwa barua.

La kwanza ni la siku ya maua vizingitini. Asubuhi ile nilichuma kengele moja tu, kiua kimoja, kutoka kwenye shada lile la mti wako, nikaenda nikainama mlangoni pako kabla watoto hawajafika, kama nilivyokuwa nikifanya nyumbani na wewe umening'inia kwenye shela yangu. Ulitoka, ukaiona pale kwenye jiwe. Ukageuka ukutani. Ukasema macho yanawasha kwa moshi wa jikoni. Jiko lenu ni la gesi, Bhula.

La pili. Hivi wewe ulidhani dada yako amepofuka? Lile shada lilianza kudondosha kengele zake wiki ileile. Jioni nikaona mbili ziko chini, nikajiambia, haya, kesho kutwa nifunge mizigo. Asubuhi nikatoka na chai yangu nikazikuta zimerudi juu ya mti! Nikadhani nimeota. Nikasogea. Zimefungwa kwa uzi mweusi, ule mnene wa kushonea vifungo vya koti la jeshi, na fundo ni lako, fundo la Subedar, hata nyati halifungui. Kila siku zikidondoka nyingine, kila asubuhi ziko juu. Mwishoni shada zima lilikuwa limenyauka, limekuwa la rangi ya chai, limeshonwa kama soksi, nawe unapita pembeni unapiga mluzi, unasema, "Didi, ua lenyewe la mwaka huu gumu!" Mimi na Kamla tulikuwa tunaingia jikoni tunajifunga vitambaa mdomoni.

Sikusema kitu. Nilikaa siku zote zile ua likiwa limekwisha kufa, nikajitia sioni, kwa sababu na mimi nilitaka kukaa. Ndiyo, nimesema. Tangu nizaliwe nimewafungia watu mizigo, nimewafungia nyasi, nimewafunga watoto mgongoni. Hakuna aliyewahi kushonea ua kwenye mti ili mimi nisiondoke. Nimelia kwenye basi, na mwenzangu wa pembeni akanipa chungwa.

Sasa nisikilize vizuri, maana wewe bila amri huwezi kitu. Majira ya baridi yajayo usiungoje mti. Uchanue usichanue, shauri yake. Barafu ya kwanza ikishika kwenye mtungi nitakuja, na Bachuli nitamleta, kwa sababu hawezi kukaa jiko la peke yake na mimi siwezi kukaa bila kelele zake. Nyati atakamuliwa, tunaye mtu wa kumtunza. Tutakaa mpaka lenu lidondoke, kwa haki, bila uzi. Halafu wewe na Kamla mtatusindikiza huku juu mkae mpaka mvua zianze. Jiko la mama litawaka majira ya kiangazi na lako majira ya baridi. Hakuna litakalozimika moja kwa moja, na hakuna atakayeteleza kwenye ngazi peke yake.

Mwagilia mti. Ondoa shada lililokauka usiliache likanyonya nguvu. Brashi iendelee kufungiwa.

Uzi usiutafute, niliufungua siku ya kuondoka nikauvingirisha kidoleni. Koti langu la baridi lilikuwa limekatika kifungo cha juu. Nimekishonea kwa uzi huo, na kwa fundo lako.

Didi yako,
Sureshi